Spika Mbili, Kopo la Biskuti na Safari ya Unguja

Nianze kwa kukiri, msomaji wangu. Mimi ndiye ninayewaandikia nyie kila siku kwamba wapenzi wasifichane mambo ya pesa. Halafu mwaka jana nikachukua laki nne kwenye akaunti yetu ya kiwanja, nikalipa kianzio cha spika, kimya kimya. Mume wangu akauona ujumbe wa muamala kwenye simu yangu wakati naoga. Nilipotoka bafuni na khanga yangu nilimkuta amekaa kitandani, simu mkononi, hasemi kitu.

"Laki nne za nini hizi, mama?"

"Za spika."

"Spika gani? Si tuna sabufa sebuleni?"

Sabufa tunayo, ndiyo. Ile ya kutikisa madirisha, ambayo ukiweka wimbo wowote unasikia "du! du! du!" mpaka jirani anahama. Lakini mimi sikuwa natafuta kutikisa dirisha. Nilikuwa namtafuta baba yangu.

KOPO LA BISKUTI

Marehemu baba alikuwa mtu wa Unguja, mtoto wa Ng'ambo, aliyekuja Dar es Salaam kufanya kazi bandarini akaoa na kubaki. Alikuwa anapiga fidla. Si kwa kulipwa, hapana, kwa kupenda tu. Jumamosi jioni rafiki zake walikuja nyumbani kwetu Magomeni, mmoja na udi, mwingine na dumbak, mwingine na sauti yake tu na kofia. Mama anapika chai ya tangawizi, sisi watoto tunajibanza mlangoni. Juu ya kabati la vyombo kulikuwa na redio kaseti, na kabla hawajaanza baba alikuwa anabonyeza kitufe chekundu.

Alifariki mwaka 2009. Kaseti zilibaki kumi na moja, kwenye kopo la biskuti, kila moja na mwandiko wake wa kulala kulia.

Miaka mitatu iliyopita nilichukua mbili nikazipeleka kwa fundi mmoja mjini anihamishie kwenye CD. Akanirudishia baada ya wiki, anatabasamu. "Dada, nimekusafishia mpaka hakuna mkwaruzo." Kumbe katika kusafisha amefuta kila kitu kilichokuwa chini ya muziki. Fidla ilikuwa nyembamba kama inapigwa ndani ya bomba. Na zile nafasi kati ya wimbo na wimbo, ambapo baba alikuwa anaongea, anakohoa, anacheka na wenzake, zilikuwa kimya kabisa. Kaseti moja utepe ulikuwa umekatika, akauunga na kipande kimepotea.

Nilimpelekea mama. Alisikiliza nyimbo mbili, akavua miwani, akasema, "Huyu siye."

Basi hapo ndipo ugonjwa ulipoanza. Zilibaki kaseti tisa nzima, na utepe wa kaseti haukai milele. Unazeeka, unashikana, na kila unapoucheza unahatarisha kidogo kilichobaki. Nilitaka nizihamishe mara moja, vizuri, na nyumbani kuwe na kitu cha kuzisikilizia kisichodanganya. Nikasoma usiku, nikauliza mafundi, nikalipa kianzio. Kitu kimoja tu sikufanya, kumwambia mume wangu.

"Siyo spika inayoniuma," aliniambia usiku ule, amegeukia ukutani. "Inaniuma kwamba ulikaa mezani na mimi, tukapiga hesabu ya kiwanja cha Kibaha, na wewe unajua hesabu si ya kweli."

Ningejibu nini hapo? Nilizima taa.

BOTI YA SAA NNE

Sasa balaa ni kwamba wiki ile ile tulikuwa na safari. Mwaka wa sita wa ndoa, tiketi za boti zimeshalipwa, chumba Mji Mkongwe kimeshalipwa. Hairudishwi hata shilingi. Tukaenda.

Kutoka Dar kwenda Unguja kwa boti ya kasi ni kama saa mbili. Ukiwa na mtu mnayependana ni fupi sana. Ukiwa na mtu mliyenuniana, jamani, ni sawa na kwenda Kigoma kwa treni. Yeye aliangalia bahari upande wake, mimi nikaangalia sinema ya kwenye televisheni ambayo hata sauti haikuwa inasikika.

Tulishuka bandarini Malindi, tukatembea na mabegi yetu kufuata barabara ya Mizingani, bahari kulia, majumba ya mawe kushoto. Hapo Mizingani kuna jengo la Forodha ya zamani, ambako kwa miaka mingi kilikaa chuo cha muziki wa nchi za majahazi kilichoanzishwa mwaka 2001, na vijana walikuwa wanajifunza kanuni na udi ghorofani huku upepo wa bahari unapita. Mbele kidogo ni Beit al Ajaib, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020. Mume wangu alisimama pale muda mrefu. Yeye ni mtu wa ujenzi, majengo yanamuuma. "Unaona," akasema, na hilo ndilo neno lake la kwanza tangu Dar, "kitu kikiachwa kidogo kidogo, siku moja kinashuka chote."

Sikujua anaongelea jengo au ndoa. Nikanyamaza.

VUGA, BAADA YA ISHA

Mwenyeji wetu alituambia kuna klabu moja ya taarab kule Vuga, wanafanya mazoezi jioni, mtu akienda kwa adabu hafukuzwi. Wazanzibari na taarab ni habari ndefu. Wanasimulia kwamba ilishika mizizi kwenye jumba la Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Klabu ya Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, Culture Musical Club mwaka 1958. Na Siti binti Saad, mwanamke aliyetoka shamba bila kitu, alisafiri mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Fikiria hilo. Kama mtu asingeweka sindano kwenye sahani mwaka ule, leo tungemjua kwa hadithi tu.

Tukapiga hodi. "Assalaam alaykum." "Waalaykum salaam, karibuni, piteni ndani." Chumba chenyewe si kikubwa. Kuta nene za mawe na chokaa, hazijanyooka, boriti juu, mkeka chini, viti vya plastiki. Fidla tatu, kanuni, udi, akodiani, dumbak na rika. Hakuna kipaza sauti hata kimoja.

Nakwambia msomaji, walipoanza niliganda. Fidla zilikuwa kushoto, kwa kweli kushoto, ningeweza kunyoosha kidole kumwonyesha mpigaji nikiwa nimefumba macho. Kanuni ilikuwa katikati, nyuma kidogo, kila uzi peke yake. Nilisikia upinde unavyoanza kugusa uzi kabla sauti haijatoka. Nilisikia mtu wa akodiani akivuta pumzi yeye na kinanda chake pamoja. Na wimbo ulipoisha, ile sekunde moja kabla ya watu kuongea, chumba chenyewe kilikuwa bado kinaimba.

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameinama, viwiko kwenye magoti, mdomo wazi kidogo kama mtoto.

Kwenye mapumziko alimsogelea mzee wa fidla. "Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo mzee. Naomba kuuliza. Mbona hapa nasikia kila kitu na hamjapiga kwa nguvu? Mimi nyumbani nina spika kubwa, sisikii hivi."

Mzee akacheka, akaweka fidla mapajani. "Taarab haitaki makelele, yataka nafasi. Kila chombo kipewe pahala pake. Hiyo spika yako yapiga tumboni. Muziki huu waingia masikioni."

Halafu akaniuliza mimi, mbona macho yamelowa. Nikamwambia habari ya baba, fidla yake, kaseti tisa, na fundi aliyesafisha. Mzee akatikisa kichwa. "Amefuta watu, amebakisha nyimbo. Mkimaliza nileteeni na mie nisikie. Yawezekana hao wenziwe nawajua."

Mume wangu alikuwa amesimama hapo hapo. Alisikia yote. Na kwa mara ya kwanza niligundua kwamba nilimwambia mgeni kwa dakika tano kitu ambacho sikumwambia yeye kwa miezi mitatu.

FORODHANI

Tulikwenda bustani ya Forodhani, tukanunua mishkaki ya pweza na juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Tukakaa ukutani, miguu inaning'inia juu ya maji.

"Mbona hukuniambia ni sauti ya mzee?" akaniuliza.

"Nilidhani utaona nachezea pesa."

"Ningeona hivyo, ndiyo. Ningekwambia mwezi huu hapana. Lakini mwezi wa tatu ningesema sawa, na tungekwenda wote."

Nikamwomba radhi. Siyo ile radhi ya "basi yaishe", bali ile ya kusema nilichokosea kwa jina lake: nilitoa pesa yetu, nikakaa mezani nikanyamaza. Akanyamaza na yeye, akala pweza wake, kisha akatoa kalamu. Nyuma ya tiketi ya boti tuliandika hesabu mpya. Laki nne zirudi kwenye kiwanja kutoka mshahara wangu, mafungu mawili. Muziki uwe na mfuko wake, usizidi milioni moja na nusu yote kwa yote. Sabufa iuzwe.

"Na mimi ndiye napima chumba," akasema. Fundi ni fundi tu.

KARIAKOO MPAKA SEBULENI

Haya, sasa niwape na nyie faida, kwa sababu najua wengi mnatamani kusikiliza muziki mzuri nyumbani na mnadhani ni mambo ya matajiri.

Jambo la kwanza ni chanzo. Faili la MP3 la 128 ni dogo kwa sababu limetupa taarifa nyingi. CD inatumia kilobiti 1,411 kwa sekunde, hivyo MP3 hiyo imebakiwa na kama sehemu moja kati ya kumi na moja. Inachagua kutupa vile inavyodhani sikio halitavigundua, na mara nyingi kwenye daladala huvigundui kweli. Kwenye chumba kimya na spika nzuri, unavigundua. Faili la FLAC linabana bila kutupa kitu, na likifunguliwa linarudi lilivyokuwa. Linachukua kama nusu ya nafasi ya CD, zaidi au pungufu kidogo. Kwa bei za diski za leo hiyo si tatizo. CD zenu mlizonunua zamani msigawe. Zihamishieni kwenye kompyuta kwa FLAC, kazi ya wikiendi moja mbili.

Pili, kubadili. Sauti kwenye kompyuta ni namba tu, na spika haijui namba. Kompyuta inazo sehemu zake za kubadili, ila nyingi ni za bei rahisi na zinaokota kelele za mle ndani. Sisi tulinunua kadi ya sauti ya nje inayochomekwa kwenye USB. Inafanya kazi mbili, kuingiza sauti ya kaseti kwenye kompyuta na kutoa muziki kwenda kwenye spika. Na tunatumia waya. Blututhi ni raha wakati wa kupika, lakini kwa kawaida inabana sauti tena njiani.

Tatu, spika. Zile nilizolipia kianzio ni mbili ndogo, koni ya inchi tano, zenye amplifaya yake ndani, kwa hiyo hatukuhitaji kununua nyingine. Mwenye duka alitushangaa tulipokuja na wimbo wetu wenyewe kwenye flashi. Msione aibu. Nendeni na muziki mnaoujua, kaeni, fumbeni macho, msikilize sauti ya mtu. Kama mwimbaji anasikika kama yuko kwenye ndoo, ondokeni.

Nne, na hapa ndipo mume wangu aliponishinda. Chumba. Sebule zetu za Dar zina vigae chini, kuta tupu, dirisha la vioo na milango ya alumini. Sauti inagonga huku na kule kama mpira. Alitoa spika kwenye kona, akazisogeza mbele ya ukuta karibu nusu mita. Akapima na futi: kutoka spika hii mpaka ile mita mbili, kutoka kila spika mpaka kwenye kiti mita mbili. Pembetatu sawa. Zile koni ndogo za juu zikae usawa wa masikio ya aliyekaa. Zulia mbele ya kiti, pazia zito dirishani, kabati la vitabu nyuma. Vitu vyote tulikuwa navyo ndani, tulivihamisha tu. Tulipomaliza, sauti ilikuwa imebadilika kuliko kitu chochote tulichonunua.

Tano, umeme. Mnaujua wenyewe. Stebilaiza kwanza, muziki baadaye.

Kaseti zenyewe? Tuliazima deki ya mjomba wangu Ilala, ya miaka ya tisini. Fundi mzuri akabadilisha mikanda ya mpira, akasafisha kichwa kwa spiriti ya mafundi. Kila kaseti tuliipeleka mbele na kuirudisha nyuma taratibu mara moja kabla ya kuicheza, ili utepe ulegee. Kisha kwa bisibisi ndogo tuligeuza skrubu ya kichwa cha deki kidogo sana, mpaka sauti za juu zilipofunguka, kwa sababu redio ya baba ilirekodi kwa pembe yake yenyewe. Tulirekodi kwa ubora wa juu, 96 kwa 24, ambapo kaseti ya saa moja inakula kama giga mbili. Sauti tuliiweka chini kidogo ya kikomo, kwa kuwa ikigonga juu inakatika na hairudi. Na hatukusafisha chochote. Mkwaruzo ubaki, mvumo ubaki, kikohozi kibaki.

Ilituchukua Jumamosi tano. Mume wangu aliweka daftari: kaseti ipi, upande upi, dakika ngapi. Hatujawahi kukaa pamoja sebuleni muda mrefu hivyo bila televisheni tangu tuoane.

MAMA

Jumapili moja tukamleta mama. Tulimkalisha kwenye kile kiti kwenye ncha ya pembetatu, tukazima feni. Akauliza mbona tumezima feni na joto lote hili. Nikamwambia, "Subiri kidogo, mama."

Kwanza ukasikika mvumo wa utepe. Kisha chumba chetu cha Magomeni, sijui niseme vipi, kilikuja. Kijiko kwenye kikombe. Baiskeli nje. Mtu anakaza uzi wa udi. Baba akaanza, fidla ikiwa kushoto kidogo, na nikasikia upinde ukigusa uzi kabla ya sauti, kama kule Vuga.

Wimbo ukaisha. Wanaume wakacheka. Na baba, kwa sauti ya karibu kabisa, kama yuko nyuma ya kiti, akamwambia mama apunguze moto, chai inamwagika.

"Nishapunguza," mama akajibu, taratibu, akiwa anaangalia zulia.

Hakuna aliyesema kitu. Mume wangu alitoka kwenda kuangalia gari, eti.

Kiwanja tulimaliza kulipa Februari, miezi miwili baada ya ratiba, na kila mwezi ule tulikaa mezani na daftari likiwa wazi. Sabufa ilichukuliwa na kijana wa jirani, sasa ndiye anayetikisa madirisha. Nakala za kaseti ziko tatu: moja kwetu, moja kwa mama Magomeni, na moja tulivuka nayo bahari mwezi wa nne. Mzee wa fidla alisikiliza kwa spika za masikioni tulizomletea, akiwa amefumba macho. Alimtambua mtu wa udi kwa mkono wake tu, kabla hajasema neno.

Kaseti ile iliyounganishwa na fundi tumeicheza pia. Kipande kilichopotea hakirudi, na tumekiacha hivyo hivyo, wazi. Lakini upande wa pili, mwishoni kabisa, kuna sauti ya mtoto wa kike anauliza kama redio imezimwa.

Nawe je, msomaji wangu, kabatini kwenu kuna kopo gani? Lifungueni wote wawili. Na kabla hamjatoa hata shilingi, kaeni mezani kwanza.